Waya wa kupigia picha nyota usitushinde

Huenda msomaji aliyezoea kumwona mwalimu wa lugha akijadili ngeli, viambishi na misamiati akashangaa kunikuta leo nikizungumzia waya. Asishangae sana. Waya ninaoukusudia una jina refu la kigeni, na jina hilo, kwa maoni yangu, limewazuia vijana wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe kupata kitu ambacho fundi wa simu wa mtaani kwao angeweza kuwatengenezea kabla ya adhana ya alasiri. Suala hili ni la umeme, la fedha na la elimu. Lakini mzizi wake umo katika lugha, na hiyo ndiyo ruhusa yangu ya kulisemea.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Wapo miongoni mwa wanafunzi wetu, na walimu wao pia, waliovutiwa na upigaji picha wa mbingu za usiku: mwezi mwandamo, sayari, nyota za Kilimia, na ule ukanda wa mwanga hafifu uitwao Njia Nyeupe. Kamera zao aghalabu ni za mtumba, zile ambazo lenzi zake hubadilishwa. Kamera ya namna hiyo, hata ikiwa na umri wa miaka kumi na mitano, ingali inafaa kabisa kwa kazi hii. Kinachokosekana ni kitu kidogo mno: njia ya kuiamuru kamera bila ya kuigusa.

Kwa nini isiguswe? Mchana, kilango kilicho ndani ya kamera, ambacho wapiga picha hukiita shata, hufunguka na kufungika katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Mtetemo wa kidole haupati nafasi ya kuonekana. Usiku mambo ni mengine. Mwanga wa nyota ni haba, hivyo sharti shata ibaki wazi kwa sekunde kumi, ishirini au zaidi. Na kidole kinapobonyeza kitufe, kamera hutikisika juu ya miguu yake mitatu na kila nyota huandikika kama mkwaruzo. Isitoshe, kamera nyingi hukomea sekunde 30. Atakaye muda mrefu zaidi huiweka katika hali iitwayo Balbu, jina lililotokana na kibofu cha mpira ambacho wapiga picha wa karne ya 19 walikiminya ili hewa isukume shata. Katika hali hiyo shata hubaki wazi maadamu kitufe kimebonyezwa. Ni nani basi atakayebonyeza kitufe kwa dakika tano pasi na mkono kutetemeka?

Jawabu ni waya unaochomekwa ubavuni mwa kamera, wenye kitufe katika ncha ya pili. Kiswahili hakikosi jina lake. Tunacho kitenzi fyatua, kinachotumika kwa mtego, kwa bunduki, hata kwa matofali. Na kutokana nacho tunapata kifyatuo. Tuuite basi kebo ya kifyatuo. Kipo pia kifyatuo chenye saa, ambacho huiamuru kamera ipige picha moja baada ya nyingine kwa vipindi vilivyopangwa, hali mpigaji picha amekaa mkekani akinywa kahawa.

Sasa tumfuate kijana anayekitafuta kitu hiki. Tatizo la kwanza analokumbana nalo ni kwamba kila kampuni ilijitengenezea tundu lake. Kamera nyingi za bei nafuu za Canon hutumia tundu la duara la milimita 2.5, zile kubwa za kampuni hiyo hiyo hutumia tundu la pini tatu liitwalo N3. Nikon nao wana tundu la mstatili katika kamera zao nyingi za kati, na tundu la duara la pini kumi katika zile za wataalamu. Sony wana lao. Ni kama ngeli za nomino: kila moja hudai upatanisho wake, na ukikosea kiambishi sentensi haisimami. Ndipo zikazuka adapta, yaani vipande vya waya vinavyoanzia kwenye kifyatuo kimoja na kuishia katika plagi za namna mbalimbali.

Tatizo la pili ni bei. Kifyatuo chenye saa cha Canon kiitwacho TC-80N3 kimekuwa kikiuzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani. Vifyatuo vya makampuni ya Uchina vinavyofanya kazi hiyo hiyo hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Lakini mtu akiviagiza kutoka ng'ambo ataongezewa nauli, ushuru wa forodha na kodi ya VAT ya asilimia 16, kisha atasubiri. Wengine huagiza Nairobi na kuletewa kwa basi. Hapa pana kejeli ambayo mkazi wa Changamwe hawezi kukosa kuiona. Makontena yanayobeba bidhaa hizi hushushwa Kilindini na katika kituo kipya cha makontena cha Port Reitz kilichofunguliwa mwaka 2016, yakapita mbele ya nyumba zetu yakielekea Nairobi, nasi tukalipa nauli ya kuurejesha waya huo huo mahali ulipopita juzi.

Lakini kejeli ya makontena ni ndogo ikilinganishwa na ile nitakayoieleza sasa. Tuufungue waya huo tuone ndani mna nini. Hamna siri yoyote. Mna nyaya tatu. Wa kwanza ni wa pamoja, ambao mafundi huuita athi. Wa pili ukigusana na ule wa kwanza, kamera huamka na kulenga, kama vile kitufe kimebonyezwa nusu. Wa tatu ukigusana na ule wa kwanza, shata hufyatuka. Basi. Kebo ya kifyatuo haipeleki umeme wowote kwenye kamera; inaunganisha tu na kutenganisha. Ni swichi, ndugu yake yule anayewasha taa ya chumbani. Katika plagi ya milimita 2.5 ya Canon, ncha ya mbele ni ya kufyatua, pete ya katikati ni ya kulenga, na sehemu ya nyuma ni ya pamoja.

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa somo la seli na saketi sahili: huchora swichi, huchora balbu, huonyeshwa kwamba saketi ikikatika mkondo haupiti. Hukariri, hujibu mtihani, akapewa alama zake. Kisha mwanafunzi huyo huyo huenda dukani na kuomba, kwa jina refu la Kiingereza alilolisoma mahali, kitu ambacho alikwisha kukichora katika daftari lake. Muuza duka humjibu kwamba hana, na husema kweli, kwa kuwa hana kitu chenye jina hilo. Fundi wa simu aliye kibanda cha pili pia husema hana. Kijana hurudi nyumbani akiamini kwamba kupiga picha nyota ni shughuli ya watu wa mbali wenye fedha.

Lau angeeleza kazi badala ya kutaja jina, mambo yangekuwa mengine. Angesema: "Shikamoo, bwana fundi. Natafuta pini nyembamba ya duara, ile ndogo kuliko ya iafoni za kawaida, yenye sehemu tatu. Nataka uilehemu kwenye waya wa nyuzi tatu, na upande wa pili unifungie swichi." Hapana fundi wa simu katika kibanda chochote cha Kongowea, Magongo au karibu na kivuko cha Likoni ambaye angetatizwa na maelezo hayo. Pini anayoitaka si ngeni kwake hata kidogo. Baadhi ya simu za Nokia za zamani zilikuwa na tundu la milimita 2.5 la iafoni, na droo za mafundi hazikosi masalia ya enzi hizo. Waya wenyewe unaweza kutoka kwenye iafoni iliyokufa upande mmoja. Swichi hupatikana katika mwanasesere wowote wa betri uliovunjika.

Nasema haya ili ieleweke kwamba tofauti baina ya kukipata kitu na kukikosa haikuwa fedha. Ilikuwa ni uwezo wa kukieleza kitu kwa kazi yake, katika lugha ambayo msemaji na msikilizaji wote wanaimiliki. Jina la kibiashara hutaja duka. Maelezo ya kazi hutaja elimu. Anayejua jina peke yake ni mteja. Anayejua kazi anaweza kuwa mteja, fundi, au mwalimu.

Kwa manufaa ya walimu wenzangu watakaopenda kulijaribu jambo hili pamoja na wanafunzi wao, ni bora nitaje mambo machache ya tahadhari. Pini ya milimita 3.5 haiingii katika tundu la 2.5, na baadhi ya kamera zina tundu la 3.5 la kipaza sauti ambalo halihusiani na kifyatuo. Kwa hivyo tundu litambuliwe kwanza kwa kusoma kitabu cha kamera au alama iliyo ubavuni mwake. Pini yenye sehemu nne isitumiwe mahali pa ile ya sehemu tatu. Nyuzi za iafoni nyingi zimepakwa utandu wa kuzuia umeme ambao sharti uchomwe au ukwanguliwe kabla ya kulehemu. Betri isiunganishwe kamwe kwenye waya huu, kwa maana kamera haihitaji umeme wa nje na yaweza kuungua. Kabla ya kuuchomeka kwenye kamera, waya upimwe kwa mita ili kuhakikisha kwamba nyuzi hazigusani zisipotakiwa kugusana. Na kwa kuwa nyota hulengwa kwa mkono, uzi wa kulenga na ule wa kufyatua waweza kufungwa pamoja, swichi moja ikatosha. Swichi hiyo ikiwa ya kuwasha na kuzima, badala ya ile ya kubonyeza, shata itabaki wazi bila ya mtu kuishikilia.

Wenye kamera za Nikon au Sony hawawezi kutumia pini ya iafoni, kwani matundu yao ni ya umbo la pekee. Kwao njia rahisi ni kununua waya mmoja wa bei nafuu wenye plagi inayofaa, kisha fundi akaukata na kuuongezea swichi au kuurefusha. Na shule yenye kamera za aina mbalimbali inunue kifyatuo kimoja chenye saa ambacho waya wake huchomoka, halafu iongeze adapta ya kila aina ya tundu. Kununua vifyatuo vinne kwa kamera nne ni kutupa fedha. Kifyatuo kimoja na nyaya nne kinatosha.

Hata asiye na chochote hajafungiwa mlango. Karibu kila kamera ina saa ya kuchelewesha picha kwa sekunde 2 au 10. Ukiiweka, kidole kitaondoka na mtikisiko utatulia kabla ya shata kufunguka, na picha ya sekunde 15 au 20 itatoka safi. Baadhi ya kamera mpya zina saa ya vipindi ndani yake, na nyingine huamriwa na simu. Hata simu nyingi za mkononi hupiga picha kwa kitufe cha sauti, na katika baadhi yake kitufe kilicho kwenye waya wa iafoni hufanya kazi hiyo hiyo. Mwenye vifaa hivyo hana haja ya kebo. Lakini kamera za mtumba, ambazo ndizo zilizo mikononi mwa wanafunzi wetu, nyingi hazina anasa hizo.

Hapa patatokea mtu wa kuuliza: je, mambo haya yana faida gani kwa mtoto wa Mtongwe au Mikindani, ambaye shule yake huenda haina hata madawati ya kutosha? Swali hilo ni la haki, nami silidharau. Ila nalijibu hivi. Kama ningependekeza kila shule ijengewe jumba la darubini, angekuwa na sababu ya kunikemea. Mimi nazungumzia kitu ambacho hakihitaji bajeti ya serikali. Kamera moja ya mtumba yaweza kuzunguka katika shule tano au sita za kata moja. Na kinachoongezwa ni waya uliotokana na takataka za kibanda cha fundi. Umaskini wa vifaa si sababu ya kuongeza juu yake umaskini wa fikra.

Na elimu anayoipata mtoto si ndogo. Akiacha shata wazi kwa dakika kadhaa ataona nyota zimeandika mistari, na swali la kwanza atakalouliza ni kwa nini. Jibu ni kwamba dunia huzunguka nyuzi 15 kwa kila saa, yaani uzi mmoja kwa kila dakika nne. Atataka kujua ashike sekunde ngapi kabla nyota haijanyooka kuwa mstari, na wapiga picha watamfundisha kanuni yao ya kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 18, katika kamera ambayo kipokea picha chake ni kidogo kwa mara moja na nusu, huhesabiwa kama 27. Na 500 ikigawanywa kwa 27 hutoa sekunde 18 hivi. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi iliyopata kazi. Akitaka mistari mirefu bila ya kutumia Balbu, ataifunga swichi na kuiacha kamera ipige picha za sekunde 30 mfululizo. Picha 120 zitajaza saa nzima, kisha ataziunganisha katika kompyuta. Hiyo ni jiografia, fizikia na hisabati katika usiku mmoja.

Mtoto wa Mombasa ana bahati ya pekee katika jambo hili. Mji wetu uko takriban nyuzi 4 kusini ya Ikweta. Nyota za kaskazini na za kusini zote hupita mbele yake, isipokuwa zile zilizo karibu mno na ncha ya kaskazini. Katika miezi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, kitovu cha Njia Nyeupe hupanda karibu na utosi, mahali ambapo wakazi wa Ulaya hawawezi kukiona wakiwa kwao. Aliye Likoni aupe mgongo mwanga wa kisiwa na kuielekeza kamera kusini, upande wa Kwale, au mashariki baharini. Aliye Kisauni ana ufuo wa Bamburi na Shanzu na bahari iliyo wazi mashariki. Aliye Changamwe ana taabu zaidi, kwa sababu ya taa za bandari na za uwanja wa ndege. Lakini mwezi, sayari na mistari ya nyota zenye kung'aa havizimwi na taa hizo. Wote watoke kwa makundi na kwa idhini ya wazazi, wala wasielekeze kamera zao kwenye bandari, uwanja wa ndege au kivuko, mahali ambapo askari hawana mzaha na wapiga picha.

Isidhaniwe kwamba mambo ya mbingu ni mageni katika pwani hii. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa kamali, chombo kilichokuwa kipande cha ubao na uzi wenye mafundo. Nahodha aliushika uzi kwa meno, akaunyoosha mkono, akalinganisha ubao na upeo wa bahari na nyota. Fundo likamwambia yuko wapi. Ahmad ibn Majid, baharia wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika maelekezo ya safari mpaka Sofala kupitia pwani yetu. Wakulima wetu nao waliutazama msimu kwa Kilimia, na methali ya Kilimia kuzama kwa jua na kuzuka kwa mvua ingali inasemwa. Majina ya sayari tunayo tangu jadi: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Hata nyota ambayo Wazungu huiita Aldebaran imechukua jina lake katika neno la Kiarabu lenye maana ya mfuasi, kwa kuwa huifuata Kilimia mbinguni usiku kucha.

Tena tusisahau yaliyotendeka jirani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kwanza duniani kilichotumwa angani mahususi kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Chombo hicho cha Marekani, kilichorushwa kwa ushirikiano na Waitaliano, kilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Wanafalaki wa dunia nzima walilitamka neno letu katika maandishi yao. Mwaka 2023 Kenya nayo ilipata setilaiti yake, Taifa-1. Ni ajabu basi kwamba mtoto wa Kisauni, aliyezaliwa mwendo wa saa mbili hivi kutoka Malindi, adhani nyota ni somo la wageni.

Watakuwapo pia wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya kulieleza somo la namna hii. Hoja hiyo imechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mafundi wetu, ambao wengi wao hawajapata kuifungua kamusi hiyo, hueleza hitilafu za simu kwa Kiswahili kutwa nzima na wakaelewana: waya umekatika, athi imelegea, umeme unavuja, pini imeota kutu. Maneno yapo. Kilichopungua ni daraja baina ya chumba cha darasa, ambamo fizikia huzungumzwa kwa Kiingereza, na kibanda cha fundi, ambamo fizikia hiyo hiyo hutendwa kwa Kiswahili.

Wala sisemi kwamba Kiingereza kitupwe. Mwanafunzi atakayeingia chuo kikuu atakihitaji, na vitabu vingi vya kamera vimeandikwa kwa lugha hiyo. Nisemalo ni kwamba mwanafunzi ambaye hawezi kueleza swichi kwa lugha ya mama yake hajaielewa swichi bado. Amelielewa swali la mtihani.

Nini basi kifanywe? Kwanza, walimu wa fizikia na wa Kiswahili katika shule za bara ya Mombasa washirikiane kuanzisha vyama vya falaki. Mwalimu wa fizikia aeleze saketi; mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi zoezi la kueleza kifaa kwa kazi yake bila ya kutaja jina lake la biashara. Zoezi hilo ni insha nzuri kuliko nyingi tunazozitoa.

Pili, fundi wa mtaa aalikwe darasani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unadai mwanafunzi atende, si akariri tu. Nani awezaye kufundisha kutenda kuliko mtu aliyelehemu nyuzi ndogo kama nywele kwa miaka kumi? Alipwe malipo ya heshima, na wanafunzi wamwite mwalimu, kwa kuwa ndivyo alivyo.

Tatu, kila chama kiweke daftari la msamiati. Kila kitu wanachokishika kiandikwe jina ambalo fundi hulitumia, jina la kamusi, na maelezo ya kazi. Sisi wa vyuo vikuu tutakuwa na mengi ya kujifunza humo, kwani istilahi nyingi zilizobuniwa mezani hufa mezani, hali yale majina yaliyozaliwa mikononi mwa mafundi huishi.

Nne, shule ziwasiliane. Yenye kamera iwape wengine zamu, na yenye fundi hodari jirani itengeneze nyaya za wenzake. Wapo Wakenya wenye moyo wa kusaidia. Kwa mfano Bi. Susan Murabana amekuwa akiwapelekea watoto wa shule darubini katika sehemu mbalimbali za nchi kwa zaidi ya mwongo mmoja. Msaada wa watu kama hao huota mizizi panapokuwa tayari pana chama kinachojua kinataka nini.

Muda wa kujiandaa upo, lakini haurefuki. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote jioni juu ya anga ya Afrika Mashariki, ukawa mwekundu kwa zaidi ya saa moja na robo. Mwezi uliopatwa hufifia kiasi kwamba shata hudai kubaki wazi kwa sekunde nzima au zaidi, na hapo ndipo aliye na kebo ya kifyatuo hutofautiana na asiye nayo. Tarehe 31 Desemba 2028, jioni ya kuukaribisha mwaka mpya, mwezi utapatwa wote tena mbele ya macho yetu. Mtoto aliye kidato cha chini leo anaweza kuwa ndiye atakayeipiga picha hiyo ufuoni Likoni, kwa waya alioutengeneza yeye mwenyewe na ambao anaweza kueleza, kwa Kiswahili fasaha, kila uzi wake unafanya kazi gani.

Tusingoje waya huo ushushwe Kilindini, upande treni hadi Nairobi, kisha uturudie kwa basi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chetu hakiko hata mvunguni. Kiko katika droo ya fundi, hatua chache kutoka lango la shule. Tumwendee tumwambie kwa maneno ya kueleweka tunataka kifanye nini.